DENI LA MSOMI: NANI AMELIPIA MLIMANI?

1.0 Utangulizi

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo huonekana imemaliza ubishi wote, kumbe imeacha nje swali moja: umlipe nani? Katika makala haya nimelichukua swali hilo nikalipandisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu sijui mahali pengine ambapo neno "deni" limebadilishwa maana mara nyingi kama hapa, tangu wanafunzi wa kwanza hadi sisi tunaosubiri bumu leo.

Najua baadhi ya wenzangu watauliza: mambo ya ada na posho yanahusiana nini na uhakiki wa fasihi? Si tungewaachia wachumi na serikali ya wanafunzi? La hasha. Kila mfumo wa kukilipia chuo hiki ulikuja na msamiati wake, na msamiati huo ulimfundisha mwanafunzi ajione ni nani na amjibu nani. Aliyesema "kijiji kimenituma" na anayesema "bumu limeingia" wanaweza kuwa wamelala chumba kimoja kwa miaka tofauti, lakini hawakusoma chuo kimoja. Kazi ya mhakiki ni kuyakamata maneno kama hayo na kuyauliza yametoka wapi.

Hoja yangu ni hii. Lugha ya gharama imebadilika mara mbili: ilianza na kijiji, ikaja kwenye mchango, na sasa iko kwenye mkopo. Lakini mlipaji aliye nyuma ya maneno yote matatu amebaki kwa sehemu kubwa yule yule, mkulima. Kila neno jipya lilimsogeza nyuma kidogo, hadi leo hatumwoni.

2.0 Mfano wa kijiji chenye njaa

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi ambao hata 20 hawakufika. Digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia hapa kilimani. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Katika mwaka huo wa 1964, alipokuwa akielezea Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wetu wengi wanaukumbuka hadi leo. Alimlinganisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wanakijiji wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akishashiba halafu asirudi, amewasaliti ndugu zake.

Naomba tuuchambue mfano huo kama tunavyochambua hadithi yoyote. Wahusika ni wawili: kijiji na msafiri. Mgogoro upo, na ni mkali, maana wanaobaki nyuma wanaweza kufa kabla msafiri hajarejea. Taswira ya chakula imechaguliwa vizuri mno: fedha ungeweza kuihesabu ukairudisha, lakini chakula cha mwisho cha mtu mwenye njaa utakirudishaje? Deni la namna hiyo halina risiti. Unalilipa kwa maisha yako.

Hiyo ndiyo nguvu ya mfano. Udhaifu wake ni kwamba wanakijiji hawasemi kitu. Hatuambiwi walikaa kikao lini, walimchaguaje msafiri, na wala kama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikataa kutoa kibaba chake. Kijiji kinadai, lakini kinadai kwa mdomo wa mtu mwingine. Na deni ambalo halina kipimo, mwenye kulidai kwa niaba ya wengine anaweza kulirefusha apendavyo.

Mgongano ulikuja upesi. Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu wataingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaani miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi walikataa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Bango moja lilidai kwamba wakati wa mkoloni mambo yalikuwa nafuu. Jamani! Miaka mitano tu baada ya Uhuru! Mwalimu alikasirika. Alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na kuitazama upya mishahara ya wakubwa, kisha akawaambia wanafunzi waende makwao. Waliofukuzwa walikuwa karibu 400, wengi wao wa Mlimani. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata.

Tukio hili kwa kawaida tunalieleza kama kisa cha vijana wenye uchoyo na baba mwenye busara. Sikubaliani na urahisi huo. Ni kweli kwamba vijana walikuwa wanatetea mifuko yao. Lakini waliuliza pia, kwa ukali usio na adabu, mbona waliokwisha kushiba ndio wanaohubiri njaa. Na jibu la Mwalimu, la kuanza kukata mshahara wake, linaonyesha kwamba alilielewa swali. Miezi mitatu na ushei baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha lenye masharti ya viongozi, na Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea. Sisemi kwamba maandamano ndiyo yaliyoleta Azimio. Nasema kwamba ugomvi juu ya gharama za kusoma uligeuka haraka kuwa ugomvi juu ya nani anakula nini katika nchi nzima.

Waliobaki Mlimani waliuchukua ugomvi huo wakausogeza mbele. Kundi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, ambalo Yoweri Museveni aliliongoza alipokuwa mwanafunzi hapa, lilitoa gazeti la Cheche kuanzia 1969. Humo ndimo Issa Shivji alimotoa uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini, wakati Walter Rodney akifundisha historia. Mwaka 1970 gazeti na kundi vyote vikapigwa marufuku. Vijana wale walikuwa wanakula, wanalala na wanasoma kwa gharama ya wavujajasho, na waliona deni lao ni kusema ukweli kuhusu mfumo wenyewe. Serikali ililielewa deni hilo kwa namna nyingine.

3.0 Kuchaguliwa, na gharama zisizoandikwa

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lililotoka huko lilibadilisha kabisa mlango wa kuingilia Mlimani. Kumaliza kidato cha sita na kufaulu hakukutosha tena. Kijana alitakiwa apite JKT mwaka mmoja, afanye kazi angalau miaka miwili, halafu apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama kwamba ni mtu wa tabia njema na anayewatumikia wenzake.

Kwa nadharia, hapa ndipo kijiji cha ule mfano kilipopewa mdomo. Msafiri sasa atachaguliwa na watu waliomwona akifanya kazi. Wazo lilikuwa zuri, na wapo walimu, makarani na mafundi waliofika chuoni wakiwa watu wazima, ambao bila Musoma wasingekanyaga hapa. Lakini kati ya wazo na utekelezaji wakaingia bosi na katibu wa tawi. Aliyeonyesha ubishi kazini angepataje barua?

Walioumia zaidi ni wasichana. Miaka mitatu ya kusubiri, kwa kijana wa kiume, ni miaka mitatu tu. Kwa msichana wa wakati ule ilikuwa na maana ya posa, ndoa na watoto kabla chuo hakijamfikia. Idadi ya wanafunzi wa kike ilishuka vibaya, na haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea sharti la kufanya kazi kwanza.

Nimelitaja hilo kwa sababu tukizungumza gharama tunafikiria shilingi peke yake. Chukua mfano wa Mzee Punch, gazeti la ukutani lisilo na jina la mwandishi, lililokuwa likibandikwa hapa chuoni tangu miaka ya 1970. Wapo wanaolikumbuka kama fasihi ya kejeli, na kwa upande wa fani kweli lilikuwa na uchangamfu wake. Lakini kejeli yake ikawa inawalenga wanafunzi wa kike kwa matusi na picha za aibu, na aliyetajwa alitengwa na wenzake. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa, na Punch ikapigwa marufuku. Huyo naye alikuwa amekuja kusoma kwa gharama ya umma. Chakula na kitanda alikuwa navyo. Gharama aliyotozwa ilitozwa na wanafunzi wenzake.

Fasihi yetu ya miaka ile inamwonyeshaje msomi? Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) tunakutana na Juma na Kitaru, vijana wasomi ambao urafiki wao unaliwa na historia ya matabaka yao. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974) Kazimoto anarudi kijijini kutoka chuo kikuu akiwa na elimu inayomtenga na watu wake, na mwisho wake ni kujiua. Tazama basi: wasiwasi mkuu wa vijana hao unahusu nafsi, ukoo, maana ya kuishi. Hakuna kati yao anayeyumbishwa na ada. Watafiti wengi wamemweleza Kazimoto kwa falsafa ya udhanaishi, na hawakukosea. Mimi naongeza jambo la kawaida zaidi: msomi aliyelipiwa kila kitu ana nafasi ya kukata tamaa kuhusu dunia nzima kwa mpigo. Mfano wa kijiji chenye njaa umo ndani ya Kichwamaji, ila umegeuzwa. Msafiri amerudi kweli, lakini hakuja na chakula.

Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana tena. Tarehe 5 Machi walitoka wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakati mwananchi anaambiwa afunge mkanda. Zaidi ya 300 walifukuzwa, akiwemo mtoto wa Rais mwenyewe, na chama chao, DUSO, kikafutwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA iliyokuwa chini ya Chama. Linganisha na 1966. Mara ya kwanza wanafunzi walikataa kukatwa wao. Mara ya pili walikataa wakubwa kuongezewa. Walikuwa wamefundishwa miaka kumi kwamba wanamdaiwa mkulima, wakaenda kumdai kiongozi kwa niaba yake. Adhabu ikawa ile ile.

4.0 Neno "kuchangia"

Sasa tumwangalie mlipaji mwenyewe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho, Newala, kwa hiyo nitatumia mfano ninaoujua. Msimu wa 1973/74 nchi ilizalisha karibu tani 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hata tani 20,000 zilikuwa hazifiki. Sababu ziko kadhaa: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga, na bei ndogo aliyopewa mkulima huku sehemu kubwa ya thamani ya zao ikibaki kwenye vyombo vya serikali vilivyolinunua. Hiyo sehemu iliyobaki ndiyo iliyojenga na kuendesha mambo mengi ya taifa, na Mlimani ni mojawapo. Kile chakula cha mwisho cha mfano wa 1964 hakikuwa lugha ya picha tu. Kilitoka shambani, na shamba likachoka.

Hazina ilipokauka, mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ikatoa andiko lake la sera ya elimu kwa Afrika kusini mwa Sahara, likishauri kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wabebe sehemu ya gharama zao. Angalia kilichotokea katika vyuo vitatu vilivyokuwa ndugu. Makerere, Desemba 1990, polisi waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili wakati wa mgomo uliohusu kuondolewa kwa posho. Nairobi na vyuo vingine vya umma Kenya, 1991, ada ilianzishwa na ghasia zikafuata. Hapa kwetu serikali ilikifunga chuo tarehe 12 Mei 1990 baada ya mgomo, kikafunguliwa Januari 1991. Mwaka uliofuata, Januari 1992, utaratibu mpya ukaanza rasmi. Awamu ya kwanza mwanafunzi alijilipia nauli, ada ya maombi na usajili na vidogo vingine. Awamu ya pili, katikati ya miaka hiyo ya 1990, ikagusa chakula na malazi, na serikali ikaanza kutoa fedha hizo kama mkopo. Masomo yenyewe yakafuata.

Jina la utaratibu huo ni "kuchangia gharama". Aliyelichagua neno hilo alikijua Kiswahili vizuri sana. Mchango ni neno la ujirani. Tunachanga msibani, tunachanga harusini, tunachanga mwenzetu akilazwa. Mchango una sifa mbili: mtu hutoa kadiri ya uwezo wake, na kesho yakimfika na yeye atachangiwa. Sasa mtu anayeambiwa "lipa kabla ya tarehe fulani, la sivyo hufanyi mtihani", anachangia nini hapo? Huko ni kulipa. Lakini ukisema "walipe", mzazi atauliza bei imepangwa na nani. Ukisema "wachangie", anayekataa anaonekana mchoyo.

Kuna kosa kubwa zaidi ndani ya neno hilo. Linasema kana kwamba zamani serikali ilitoa bure na sasa ndiyo wananchi wanaanza kutia mkono. Mkulima wa Newala alikuwa amechanga kwa zaidi ya miaka ishirini kwa njia ya bei ya zao lake, tena akiwachangia watoto ambao wengi hawakuwa wake. Mwaka 1992 hakuanza. Aliongezewa.

Kwa haki lazima niseme na upande wa pili. Chuo kile cha zamani tunachokisifu kilikuwa na nafasi chache mno. Kwa kila aliyekaa kafeteria akala milo mitatu bila kuuliza bei, walikuwepo maelfu wenye akili kama yake waliobaki shambani. Wanaosema turudi kule, watuambie kwanza tutamrudisha nani kijijini. Baada ya mageuzi milango ilifunguka: waliojilipia wakaruhusiwa, hosteli ya Mabibo ikaongezwa, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Mimi mwenyewe, kwa alama zangu za kidato cha sita, sidhani kama mlango wa mwaka 1972 ungenipokea.

5.0 Bumu, asilimia na kubebana

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Udahili nao ukabadilika: kuanzia 2010 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, hadi 2017 waombaji waliporudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Barua ya tawi la Chama haipo tena. Mahali pake zipo nyaraka za kuthibitisha umaskini: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya ulemavu, mihuri ya serikali ya mtaa. Zamani ulithibitisha kwamba unafaa. Leo, zaidi ya kufaulu, unathibitisha kwamba huna kitu.

Matokeo hutoka kwa asilimia, na asilimia zimeingia katika mazungumzo ya kila siku. Wiki ya kwanza mwaka wa kwanza utasikia: "Wewe una ngapi?" "Nina sitini." "Bahati yako, mimi nimekula sifuri." Anayesikiliza kwa mbali atadhani ni alama za mtihani. Migomo nayo imefuata msamiati huo. Novemba 2008 wanafunzi wa vyuo vya umma waligoma wakidai mkopo wa asilimia mia, na chuo chetu ni miongoni mwa vilivyowarudisha wanafunzi nyumbani. Dai lilikuwa la haki, sikatai. Lakini weka mabango ya 1978 pembeni ya dai hilo uone jinsi mduara wa hasira ulivyobana.

Bumu, kwa wasomaji wa nje ya Mlimani, ni fedha ya chakula na malazi inayotoka kwa mkupuo. Neno hilo si letu peke yetu. Wenzetu wa Nairobi walikuwa na bumu lao kabla halijafutwa. Ni neno la mlipuko, na kweli hulipuka: wiki ya kwanza kuku na soda, wiki ya tano ugali wa mama lishe, wiki ya nane chai kavu na msuli. Kiwango kwa siku kilikuwa shilingi 8,500 kwa miaka kadhaa, kikapandishwa kuwa 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/23. Pembeni yake kuna maneno mengine yanayosimulia maisha: kubebana, yaani mwenye chumba kumhifadhi asiyekuwa nacho, kitanda kimoja watu wawili, kudesa, kusomea maandishi yaliyodurufiwa badala ya kitabu, kudisko, kufukuzwa kwa kufeli. Hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, zenye nafasi 3,840, zilipunguza kubebana, lakini neno halijafa.

Nitazame neno hilo kidogo, maana katika msamiati wote wa sasa ndilo pekee linalotukumbusha kile kijiji. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye kitanda amkaribishe mwenzake. Kwenye hosteli nyingi hata hairuhusiwi. Mwaka wa pili nilibebwa na mtu wa Kagera ambaye sikuwahi kumfahamu kabla, na hakunitoza hata senti. Huo ndio mchango kwa maana yake ya asili.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kwa sababu ya kukatwa asilimia 60 kwa miezi 18. Zidisha: ni sawa na mishahara ya miezi kumi na siku ishirini na nne. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa mwenye mkopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani ilikuwa 8. Kwa asilimia 15, kama mshahara haubadiliki, itachukua miaka sita kutoa kiasi kile kile walichokikataa vijana wa 1966. Na wengi watakatwa zaidi ya hapo. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa ikiongezwa juu yake iliondolewa mwaka 2021, baada ya malalamiko ya miaka. Mbona hakuna aliyevaa joho akaenda Ikulu?

Kwa maoni yangu jibu limo katika neno "mkopo". Mkopo ni jambo la watu wawili, mimi na anayenikopesha. Nilisaini. Kila mmoja anakatwa peke yake, kwenye karatasi yake ya mshahara, kwa tarakimu yake. Kijiji hakimo katika mkataba. Na hapa ndipo penye hatari ninayotaka wenzangu waione: deni lenye tarakimu linaisha. Siku Bodi itakapokuandikia kwamba umemaliza, utajisikia huru, humdai mtu wala hudaiwi. Nimewasikia wenzangu wakisema wazi, "Mimi nasoma kwa mkopo wangu, nikimaliza nisiulizwe habari za kwetu."

Kwani mkopo huo umetoka wapi? Umetoka katika bajeti, na bajeti imetoka katika kodi, ikiwemo kodi ya sabuni na mafuta ya taa anayonunua bibi ambaye hajapata kuiona Dar es Salaam. Tena mkopo haumalizi gharama. Ada ya digrii ya sanaa ni kiasi cha shilingi milioni moja kwa mwaka; mwenye sitini, arobaini inatoka nyumbani. Kwetu inatoka kwenye korosho. Minada huanza Oktoba, chuo kinafunguliwa kipindi hicho hicho, na fedha za mkulima haziji siku anapopeleka gunia ghalani. Mwaka wa kwanza mama aliuza mbuzi wanne ili nisajiliwe kabla msimu haujalipa. Nilipompigia simu kumwambia nitazirudisha bumu likitoka, alinijibu, "Zirudi wapi? Mbuzi harudi, baba. Wewe soma." Hakuna asilimia iliyoandikwa popote kwa ajili ya mbuzi wale.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba historia ya gharama za kusoma Mlimani inasomeka katika maneno yake. "Kijiji" kilimtaja mlipaji lakini hakikumpa nafasi ya kusema. "Kuchangia" kulificha kwamba alikuwa amelipa tangu zamani. "Mkopo" umemtoa katika mkataba kabisa, akabaki mlangoni na mbuzi wake.

Siwaombi wenzangu waache kudai bumu litoke mapema. Na mimi nitakuwa kwenye foleni hiyo. Wala sisemi turudi kwenye mapendekezo ya tawi na chuo cha wachache. Ninachosema ni kwamba madeni ni mawili, na risiti ya moja haifuti la pili. La Bodi lina tarakimu na litakatwa tutake tusitake. La pili litalipwa tu na anayelikumbuka, na kulikumbuka kunahitaji lugha.

Hapo ndipo sisi wa fasihi tuna kazi. Wakati wa msomi aliyelipiwa kila kitu ulipata Mashetani, ukapata Kichwamaji. Wakati wa bumu nao unamtaka mwandishi wake: atakayemwandika kijana mwenye asilimia sitini, anayebebwa chumba namba fulani, anayedesa usiku kwa tochi ya simu, na ambaye nyuma yake kuna mtu anayetazama zizi akihesabu waliobaki. Tusisubiri maprofesa watuandikie. Wao walikula kafeteria.